Gari bila dereva, sheli bila huruma

Haya jamani, nimerudi. Najua nimekuwa kimya muda mrefu, na wale mnaonifahamu mmeshasema ni uvivu. Si uvivu. Ni baiskeli. Tangu mwezi uliopita naenda kazini kwa baiskeli, na mtu akishatoka Mabawa mpaka mjini na kurudi kwa jua hili la Tanga, jioni hana hamu ya kuandika chochote. Ana hamu ya dafu na mkeka.

Gari ninalo. Kigari kidogo cha Kijapani, cha mkopo, kimeegeshwa chini ya mwembe pale nyumbani. Kuku wa jirani wamekigeuza kivuli chao cha mchana. Juzi mama alisimama mlangoni, akakitazama kile kigari, akanitazama na mimi nikifunga suruali kwa mpira ili isiingie kwenye cheni, akauliza: "Mwanangu, ulinunua gari au ulinunua banda?"

Sikuwa na jibu. Ndiyo maana naandika leo.

Tuanze na sheli. Wote tunajua utaratibu: kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wanatangaza bei kikomo, na Jumanne yake jioni vijana wa bodaboda wanajipanga sheli kama watu wanaongoja mgao wa sukari. Bei ikipanda, Jumatano asubuhi abiria ananuniwa. Bei ikishuka, eti nauli inabaki pale pale. (Hili nalo liko siku litaandikiwa makala yake.)

Oktoba 2023 bei kikomo ya petroli ilikuwa shilingi 3,281 kwa lita Dar es Salaam, na hapa kwetu Tanga 3,327. Ni mwezi ninaoukumbuka vizuri, kwa sababu ndio nilikuwa nimemaliza kulipia kile kigari na nikapata wazimu wa kwenda nacho Dar kwenye harusi. Hebu tupige hesabu pamoja. Tanga mpaka Dar kwa njia ya Segera na Chalinze ni kama kilomita 350. Kigari changu kinakula lita moja kwa kilomita 12 kikiwa na hali nzuri. Hiyo ni lita 29 na ushee. Zidisha kwa 3,327, unapata shilingi 97,000. Kwenda tu! Kurudi hujarudi, na hapo hujakutana na trafiki mwenye tochi kwenye kibao cha hamsini, ambaye faini yake ni shilingi 30,000 na tabasamu haliipunguzi.

Halafu yako yale ambayo muuza gari hakwambii. Bima. Oili. Matairi. Bushi zinazokufa kwenye mashimo ya mitaani. Fundi anayekwambia "hii shokapu ilikuwa nzima, lakini nilipoifungua ikaonekana imechoka." Ushuru wa kuingizia gari nao una kisa chake: gari likizidi miaka minane tangu litengenezwe, unalipa ushuru wa ziada kwa ajili ya uzee wake. Yaani maskini anayeweza kununua gari kuukuu tu ndiye anayetozwa kwa kuwa gari lake ni kuukuu. Najua sababu inayotolewa, kwamba hatutaki nchi iwe jalala la magari ya Japani. Sababu nzuri. Lakini mfuko hausomi sababu.

Sasa nataka nikwambie jambo ambalo vijana wenzangu wengi hawalikumbuki. Zamani mwenye gari alilipa ada ya mwaka ya kumiliki chombo, ile "road laisensi" iliyobandikwa kwenye kioo. Mwaka 2017 serikali ikaifuta. Watu tulishangilia. Lakini bajeti ile ile ya 2017/18 iliongeza shilingi 40 kwa kila lita ya petroli, ya dizeli na ya mafuta ya taa. Mafuta ya taa! Bibi yangu, ambaye gari alilopanda mara nyingi zaidi maishani ni basi la kwenda Muheza, akaanza kulipia leseni ya magari kupitia kibatari chake. Sababu ilikuwapo hapa pia: mafuta ya taa yakiwa nafuu sana, wajanja wanayachanganya kwenye dizeli. Kisha bajeti ya 2023/24 ikaongeza tena shilingi 100 kwa lita ya petroli na dizeli.

Mimi sipingi kodi. Barabara hazijengwi kwa maombi. Ninachosema ni kwamba tangu 2017 mwenye gari kubwa la kuegesha, analotoa Ijumaa kwa Ijumaa, amepumzishwa, na kijana wa bodaboda anayezunguka kutwa kati ya Mabawa, Makorora na Ngamiani ndiye analipa leseni ya mwaka upya kila anapokunywesha pikipiki. Na yeye hana kwa kuihamishia ila kwa mama anayetoka sokoni na kikapu. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "bei ya mafuta inawahusu wenye magari", mcheke kwa adabu, halafu mpe pole.

Tena naomba niondoe ndoto moja hapa Tanga. Wapo watu, tena waliosoma, wanaoamini kwamba bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima likifika Chongoleani, petroli hapa itakuwa kama maji ya bomba. Sijui nani alianzisha maneno haya. Jiwe la msingi liliwekwa Chongoleani Agosti 2017 na Marais Magufuli na Museveni, na bomba lenyewe ni la kilomita 1,443. Lakini kinachokuja ni mafuta ghafi, mazito kiasi kwamba bomba lazima lipashwe moto ili yasigande njiani. Yakifika yanapakiwa melini na kwenda zake. Hapa hakuna kiwanda cha kuyasafisha. TIPER ya Kigamboni, iliyokuwa ikisafisha mafuta ghafi, iliacha kazi hiyo na kubaki matangi ya kuhifadhia. Kukaa jirani na bomba la mafuta ghafi na kutegemea petroli ya bei rahisi ni sawa na kukaa jirani na shamba la mkonge na kutegemea uzi wa kushonea nguo.

Basi. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakijadiliwa Jumamosi iliyopita kwenye baraza la kahawa, mimi nikiwa na mjomba wangu.

Mjomba ni dereva. Ninaposema dereva namaanisha hana kazi nyingine aliyowahi kufanya. Aliendesha lori la mkonge, akaendesha teksi zaidi ya miaka ishirini, na bajaji zilipoingia mjini zikaila teksi mzima mzima, akauza gari lake na kuhamia kwenye bajaji ya mtu. Ana miaka sitini na kitu. Kila jioni anapeleka hesabu kwa tajiri, shilingi 15,000, kuwe na abiria kusiwe na abiria.

Kijana mmoja pale barazani akatoa simu, akatuonyesha video: gari linatembea mjini huko Marekani, usukani unazunguka wenyewe, kiti cha dereva kitupu, nyuma wamekaa abiria wanacheka. Baraza zima likatoa macho. Mzee mmoja akasema ni jini. Kijana akasema si jini, ni kompyuta, na zikifika hapa usafiri utakuwa nafuu kwa sababu hakuna dereva wa kulipwa. Halafu, kwa ule utani wa kwetu usiojua mpaka, akamgeukia mjomba: "Mjomba, hapo kazi yako imekwisha."

Mjomba akanywa kahawa. Hakusema kitu. Nilimjua kwamba limemchoma.

Nikarudi nyumbani nikasoma. Nimesoma siku nne. Nawaletea niliyoyapata, kwa sababu naona mazungumzo yetu kuhusu jambo hili yana pande mbili tu: wanaosema "hizo ni za wazungu, hapa hazifiki" na wanaosema "zikija tutaokoka". Nadhani wote wamekosea.

Kwanza, si uzushi na si filamu. Mwaka 2004 jeshi la Marekani kupitia wakala wake wa utafiti, DARPA, liliandaa mashindano ya magari yasiyo na dereva katika jangwa la Mojave. Hakuna hata moja lililomaliza. Lililofika mbali kuliko yote halikufikisha kilomita 12. Watu walicheka kama baraza letu lilivyocheka. Mwaka uliofuata, 2005, magari matano yalimaliza njia ya zaidi ya kilomita 200. Google wakaanza mradi wao mwaka 2009, ndio ulioitwa baadaye Waymo, na mwaka 2020 wakafungulia umma wa Phoenix, Arizona, teksi zisizo na mtu kabisa kwenye usukani. Leo zinabeba abiria San Francisco na Los Angeles. China zimo Wuhan na miji mingine. Na wale ndugu zetu wa pwani walioko Ghuba wanazijua: Abu Dhabi ilianza kuzijaribu na abiria tangu mwaka 2021. Kwa hiyo anayesema "haiwezekani" amechelewa.

Pili, si kwamba mambo yote ni mteremko. Machi 2018 gari la majaribio la Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku huko Tempe, Arizona, akikokota baiskeli. Akikokota baiskeli, watu wa Tanga mnanisikia? Oktoba 2023 gari la kampuni ya Cruise lilimburuta mtu aliyekuwa ameshagongwa na gari jingine San Francisco, kampuni ikanyang'anywa kibali cha kuendesha magari bila dereva California, na Desemba 2024 wenye mali, General Motors, wakafunga mfuko wa mradi huo wa teksi. Mei 2025 kampuni ya Aurora ilianza kupeleka malori bila dereva kati ya Dallas na Houston. Haukupita mwezi, mtengenezaji wa lori akaomba mtu arudi kukaa kwenye kiti, hata kama hagusi kitu. Yaani deiwaka wa kukaa tu! Na Septemba 2025, polisi wa San Bruno, California, walisimamisha gari la Waymo lililogeuza mahali pasiporuhusiwa, wakachungulia ndani, hakuna mtu. Hawakuwa na wa kumwandikia faini. Nikamfikiria yule trafiki wetu wa kibao cha hamsini. Angemwambia nani "leseni yako, dereva"?

Tatu, na hapa ndipo lile jibu la kijana wa barazani linapovunjika. Alisema zitakuwa nafuu. Huko zilikoanzia, uchunguzi wa bei uliofanywa San Francisco mwaka 2025 ulikuta safari ya Waymo ni ghali kuliko ya Uber au Lyft yenye dereva. Watu wanalipa zaidi ili wasikae na mtu! Sawa, huenda bei ikashuka mbele ya safari. Lakini tufikiri kwa akili ya Mabawa, si ya California.

Kule, katika nauli ya teksi, kitu ghali ni mtu. Mshahara wa dereva ndio unaokula sehemu kubwa ya nauli, kwa hiyo ukimwondoa unapata nafuu, na una sababu ya kumwaga mabilioni ya dola kwenye kamera na kompyuta. Hapa ni kinyume. Kitu rahisi kuliko vyote ndani ya bajaji ni mjomba wangu.

Nilimuuliza hesabu yake ya siku ya kawaida. Hesabu ya tajiri 15,000. Mafuta kama 15,000. Kinachobaki mkononi, siku nzuri, 8,000. Ukizidisha kwa siku 26 za mwezi ni 208,000. Kwa mwaka haifiki milioni mbili na nusu. Hiyo ndiyo faida ya kumwondoa mjomba. Nani atafunga kompyuta, kamera kila upande na mitambo ya kupima umbali juu ya bajaji ili aokoe milioni mbili na nusu? Mafuta, matairi, spea, chombo chenyewe, vyote vinanunuliwa kwa dola. Dereva peke yake ndiye analipwa kwa shilingi, na shilingi yenyewe inabaki hapa hapa: inanunua mihogo, inalipa ada ya twisheni, inaingia kwenye kibubu cha shangazi. Ukija na chombo kisicho na dereva, umebakiza gharama zote zinazokwenda nje na umefuta ile moja iliyokuwa inabaki.

Kwa hiyo jibu langu kwa kijana wa barazani ni hili: gharama ya kuendesha gari Tanga haitokani na dereva. Inatokana na kinachoingia kwenye tangi. Ukitaka nafuu, tafuta hapo.

Lakini ngoja. Kuna jambo la nne, na nikiri ndilo lililoninyima usingizi.

Unajua nani anazifundisha hizi gari kuona? Kompyuta haizaliwi inajua kwamba hiki ni mtu na kile ni mti. Lazima mtu akae, apewe maelfu ya picha za barabarani, achore mstari kuzunguka kila gari, kila mtoto, kila kibao, aandike jina lake. Mwaka 2018 BBC walionyesha vijana wa Nairobi, wengine wakitokea Kibera, wakifanya kazi hiyo katika kampuni ya Samasource kwa ajili ya makampuni makubwa ya nje. Malipo yalikuwa kama dola 9 kwa siku. Kulikuwa pia na mtandao wa Remotasks, ambako vijana wa Kenya walifanya kazi za aina hiyo majumbani kwao. Machi 2024 wakafungiwa mlango, nchi nzima.

Basi tafakari. Kijana wa Nairobi, ambaye pengine hana hata leseni ya kuendesha, ndiye alikuwa mwalimu wa udereva wa gari la San Francisco. Picha alizopewa ni za mitaa ya kwao, si ya kwetu. Humo hamna mkokoteni wa maji. Hamna mbuzi wa Mabawa anayelala katikati ya barabara kama aliyepewa hati ya kiwanja. Hamna mama aliyepakiwa upande kwenye baiskeli na ndoo kichwani. Hamna bodaboda ya watu wanne. Tumeifundisha mashine kumwona kila mtu isipokuwa sisi wenyewe. Siku ikiletwa hapa, na mambo ya aina hii huletwa kwetu bila kuulizwa, sisi ndio tutakaokuwa wageni machoni pake.

Ndio maana siungani na wanaosema "hazifiki". Baiskeli hazikuzaliwa Tanga, leo ni nembo ya mji. Simu za mkononi zilikuwa za matajiri. Reli hii iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, ya kwanza katika nchi hii, wazee wetu hawakuulizwa pia. Waliona tu chuma kinapita shambani. Zitafika. Nadhani hazitaanzia mitaani kwetu bali kwenye malori ya masafa marefu na bandarini, kule ambako hatuangalii. Swali ni tutakuwa tumejiandaa vipi.

Na hapa lazima niwe mkweli, hata kama mjomba atasoma. Lipo jambo ambalo mashine inatushinda. Haisinzii. Haipigi mirungi. Haishindani na basi lingine ili ifike kwanza. Februari 2023, wilayani Korogwe, mkoa huu huu, Coaster iliyokuwa imebeba msiba kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi iligongana usiku na Fuso. Walikufa watu wasiopungua 17. Waliokuwa wanakwenda kuzika wakazikwa. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ziliua watu karibu milioni 1.19 duniani mwaka 2021. Kama kuna chombo kinachoweza kuendesha usiku bila kupitiwa na usingizi, mimi nitakipinga kwa sababu gani? Kwa sababu nampenda mjomba? Waliokufa Korogwe nao walikuwa na wajomba.

Nilimpelekea swali hili lenyewe. Nilimkuta anafuta kioo cha bajaji. Nikamwamkia, akaitikia, nikamuuliza: "Mjomba, mashine ikiendesha salama kuliko mtu, tuikatae?"

Akaendelea kufuta. Halafu akasema: "Mjomba, unajua kwa nini dereva anasinzia? Kwa sababu hesabu hailali. Nikitoka saa kumi na moja alfajiri sijapata ya tajiri mpaka saa nane mchana. Kuanzia hapo ndio natafuta ya kwangu. Sasa wewe unataka kuniondoa mimi. Mbona huondoi hesabu?"

Jamani. Nimesoma siku nne, na mzee aliyeishia darasa la saba kanipa makala katika sentensi sita.

Maana ndiyo hiyo. Tunamwendesha mtu kama mashine, bila mapumziko, bila bima ya afya, kwa mkataba wa mdomo, halafu anapokosea kama binadamu tunasema dawa ni kuleta mashine. Hatujajaribu bado kumfanya dereva awe binadamu. Hesabu yenye kikomo, saa za kazi zinazoheshimiwa, mkataba wa maandishi kwa kijana wa bodaboda ili asinyang'anywe pikipiki wiki mbili kabla hajamaliza deni. Hayo hayahitaji DARPA. Yanahitaji karatasi, kalamu na aibu kidogo.

Na gharama je? Hapa nina maoni yangu, mnaweza kuyakataa. Kigali na Nairobi kuna bodaboda za umeme zinazobadilishiwa betri kituoni kama tunavyobadilisha mtungi wa gesi. Kampuni ya Ampersand ilianza Rwanda mwaka 2019. Hapo wamegusa tangi, hawakumgusa dereva. Hiyo ndiyo teknolojia ninayotaka vijana wa baraza letu waonyeshane kwenye simu. Reli nayo: treni ya abiria ya kaskazini ilirudi Moshi Desemba 2019 baada ya kulala miaka mingi, ikafika Arusha mwaka 2020. Na kubwa zaidi, hii ambayo Mungu ametupa bure: mji tambarare. Tanga ni mji wa baiskeli kuliko mji wowote niliowahi kukaa. Wanawake wanaendesha, wazee wanaendesha, wanafunzi wanaendesha. Lakini tupe basi njia yetu! Mtu anayeendesha baiskeli hapa anabanwa kati ya mtaro na bajaji, na kila gari likipiga honi nyuma anasoma shahada.

Mjomba ana kumbukumbu moja anayopenda. Miaka ile baada ya vita vya Kagera, mafuta yalipoadimika, magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Anasema mji ulikuwa kimya, watoto wanacheza mpira katikati ya barabara, na watu wakubwa, hata mabwana wa ofisini, wakaonekana juu ya baiskeli. "Tulilalamika," anasema, "lakini tulionana." Sisemi turudi huko, ile ilikuwa dhiki, si sera. Nasema tu kwamba mji huu umeshaishi bila gari na haukufa.

Kigari changu nimekiandikia bango: KINAUZWA. Mpaka sasa aliyeuliza bei ni mmoja, naye aliposikia kinavyokunywa akaniuliza kama nauza na baiskeli.

Siiuzi.

Wewe unasemaje? Ungepanda gari lisilo na dereva kutoka Kange mpaka Dar? Na kama wewe ni tajiri wa bajaji au bodaboda unayesoma hapa, niambie bila hasira: hesabu unayopokea jioni, ungekubali kuipunguza ili dereva wako alale? Mjomba anasubiri majibu. Nimemwahidi nitamsomea yote, hata ya matusi.